Ukuta wa bandari huvunja mawimbi. Je, unamtosha mzamiaji mgeni wa maji baridi?

"Mwalimu, nilijifunza kuzamia mwaka jana katika maji yenye joto la nyuzi 28, na mara zote tulishuka kutoka kwenye boti. Sasa nimehamia kwenye pwani ambako maji huwa kati ya nyuzi 11 na 13. Wenyeji wananishauri nianzie pembeni ya ukuta wa mawe wa bandari, kwa sababu mawimbi hayafiki, kina hakizidi mita 12, na mtu huingia kwa miguu kutoka ufukweni. Nimejaribu mara moja. Nilitweta mara tu uso ulipogusa maji, nikashindwa kuzama, nikaongeza vizito hadi nikashuka kama jiwe, na hewa yangu ikaisha mapema kuliko ya mwenzangu. Wakati wa kutoka, mawimbi ambayo hayakuwapo asubuhi yalinisukuma kwenye mawe. Je, tatizo ni woga wangu, ni suti ya kukodi ya milimita 5, au ni mahali penyewe? Nataka kurudi, ila mimi na mwenzangu tuko wawili tu, bila mkufunzi."

Ndugu msomaji, naelewa kwa nini umeanza kwa kuutaja woga. Mtu akitweta na kusukumwa mweleka mahali ambapo kila mtu amemwambia ni pa wanaoanza, wa kwanza kumshuku huwa ni yeye mwenyewe. Kwa maelezo uliyoyatoa, mimi sioni woga. Naona mwili uliofanya kile ambacho mwili wa binadamu yeyote hufanya ukiingizwa ghafla kwenye maji ya nyuzi 12 za Selsiasi, na baada ya hapo naona mambo yaliyozaana: baridi iliiharakisha pumzi, pumzi za haraka zikakuzuia kuzama, ukaongeza vizito, vizito vikakuchosha na kukumalizia hewa, ukafika ufukweni huna nguvu wakati bahari imekwisha kubadilika. Mnyororo huo unaweza kukatwa mahali kadhaa, na nitakuonyesha ni wapi.

Kwanza tuiondoe dhana ambayo naona wenyeji wamekupa kwa nia njema, kwamba mahali palipokingwa ni mahali rahisi. Ukuta wa kuvunja mawimbi hujengwa ili vyombo vitulie bandarini. Kazi yake ni kupunguza kimo cha mawimbi kwa upande wa ndani, na kazi hiyo huifanya vizuri. Haupashi maji joto, haupunguzi uzito wa vifaa ulivyobeba mgongoni, wala hauuzuii mkondo unaopita kwenye ncha yake. Tena mawe yake yenyewe, yaliyorundikwa bila mpangilio na kufunikwa na mwani unaoteleza, ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kuwapo pindi mawimbi yanapofika. Sisemi hivi ili kukukatisha tamaa. Maeneo ya namna hiyo hutumika sana kufundishia wazamiaji, na ufuo wa San Carlos, pembeni ya ukuta wa bandari ya Monterey huko California, ni mfano unaojulikana. Lakini panamfaa mtu aliyepanga namna ya kutoka kabla hajapanga namna ya kuingia, na nitalirudia jambo hilo tukifika kwenye mawimbi.

Tuanze na kule kutweta. Ngozi inapopoa ghafla, hasa ya uso, shingo na kifua, neva zake hupeleka ishara inayomfanya mtu avute pumzi moja kubwa asiyoikusudia, kisha apumue harakaharaka, huku mapigo ya moyo na shinikizo la damu vikipanda. Mshtuko huo wa baridi hufikia kilele ndani ya nusu dakika ya kwanza, na kwa kawaida hupungua katika dakika mbili au tatu. Haujali ushupavu wa mtu. Habari njema ni kwamba mwili huuzoea upesi: ukiingia mara tano au sita kwa siku tofauti, dakika chache kila mara, mshtuko hupungua kwa kiasi kikubwa, na mazoea hayo hukaa kwa muda mrefu. Kwa hiyo safari zako za kwanza za kurudi pale zinaweza kuwa za kuingia hadi kifuani ukiwa na suti, bila mtungi wa hewa, na kusimama tu.

Siku ya kuzamia yenyewe, usikubali uso wako ukutane na maji kwa mara ya kwanza wakati unajaribu kushuka. Simama penye maji ya kiunoni, chota maji kwa viganja ujimwagie usoni na shingoni, acha mengine yaingie ndani ya suti kupitia shingo ukiwa bado umesimama, kisha weka uso majini huku ukipumua kwa mtungi hadi uweze kutoa pumzi ndefu na ya taratibu. Subiri dakika tatu kamili kwa saa. Mzamiaji anayeharakishwa na mwenzake katika dakika hizo ana haki ya kukataa, na mwenzake ana wajibu wa kungoja.

Pumzi hizo ndizo zilizokudanganya kuhusu vizito. Mtu anayetweta huwa na mapafu yaliyojaa nusu wakati wote, kwa sababu huvuta tena kabla hajamaliza kutoa, na lita mbili za hewa zilizobaki kifuani humwelesha kwa takriban kilo mbili. Ulidhani wewe ni mwepesi mno, kumbe ulikuwa hujatoa pumzi. Vizito ulivyoongeza vilikushusha, ni kweli, lakini ulipofika chini ulilazimika kujaza hewa nyingi kwenye jaketi la kuelea ili usikwame mchangani. Hewa hiyo hutanuka ukipanda hata mita moja na kusinyaa ukishuka mita moja, kwa hiyo ukabaki kubonyeza vitufe muda wote, miguu ikining'inia chini na kifua kikiwa juu, ukiogelea kwa mkao unaosukumana na maji badala ya kuyapenya. Misuli inayofanya kazi kiasi hicho hutoa hewa ukaa nyingi, na hewa ukaa ndiyo inayouamuru ubongo uharakishe pumzi. Pumzi fupi za harakaharaka huishia kwenye koo na mirija na kurudi, bila kuisafisha hewa ukaa iliyo ndani kabisa ya mapafu, hivyo mtu huhisi anakosa hewa ilhali mtungi una hewa tele. Dawa yake chini ya maji ni kusimamisha kila kitu, kushika jiwe ikiwezekana, na kutoa pumzi ndefu kuliko unayovuta, mara kadhaa, kabla ya kuamua lolote lingine.

Vizito hupimwa hivi. Ukiwa na vifaa vyote, mtungi umejaa na jaketi halina hewa, jiachie wima penye maji ya kukuzidi kimo, vuta pumzi ya kawaida na uizuie. Maji yakusimamie machoni, na ukitoa pumzi yote uanze kuzama polepole. Kisha ongeza kilo mbili hivi, kwa sababu hewa utakayoitumia ina uzito: mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bari 200 (bari ni kipimo cha shinikizo) una lita 2,400 za hewa, na ukirudi na bari 50 umetumia lita 1,800, ambazo ni zaidi ya kilo mbili. Usipofidia uzito huo mapema, mwisho wa safari utashindwa kubaki kwenye kina cha mita 5 ufanye kituo cha usalama, yaani kutua dakika chache kabla ya kuibuka. Andika idadi uliyoipata pamoja na suti na mtungi uliotumia, kwa sababu ukibadilisha chochote kati ya hivyo hesabu inaanza upya. Na usipime ukiwa unatweta.

Sasa suti. Neoprini ni mpira wenye viputo vidogo vidogo vya gesi, na viputo hivyo ndivyo vinavyozuia joto lisitoroke. Maji huchukua joto la mwili haraka kuliko hewa kwa takriban mara 25, kwa hiyo kila milimita ina maana. Tatizo ni kwamba viputo hubanwa kadiri unavyoshuka. Kwenye kina cha mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, na gesi iliyo ndani ya viputo hubanwa hadi karibu nusu ya ujazo wake, ndiyo maana suti ya milimita 5 uliyoivaa ufukweni haikuwa tena ya milimita 5 pale chini. Ilikuwa nyembamba zaidi na haikukuelesha kama mwanzo, jambo ambalo pia lilichangia kule kushuka kama jiwe. Suti ya kukodi ina shida nyingine: imevaliwa na wengi, viputo vyake vimechoka, na aghalabu haikubani sawasawa kiunoni na mgongoni. Kila ulipojipinda, maji yaliyokuwa yamepashwa na mwili wako yalitoka na mapya yakaingia, na bila shaka uliyahisi yakiteremka kwenye uti wa mgongo kuanzia penye zipu. Suti inayopitisha maji kiasi hicho haihifadhi joto, hata ikiwa nene.

Kwa maji ya nyuzi 11 hadi 13 ninapendekeza suti ya milimita 7 inayokubana bila kukunyima pumzi, yenye kingo za mpira laini kwenye vifundo vya mikono na miguu, pamoja na kofia ya neoprini, glavu na viatu vya milimita 5. Kwa mavazi hayo watu wengi humudu safari moja ya dakika 30 hadi 40. Suti kavu, ile isiyopitisha maji kabisa na inayovaliwa juu ya nguo za joto, ni bora kwa baridi, na kama umehamia huko kwa miaka nitakushauri uifikirie. Ila usiione kama njia ya mkato. Ni chombo cha pili cha hewa mwilini mwako: lazima uijaze ukishuka na uitoe hewa ukipanda, na hewa ikikimbilia miguuni inaweza kukupindua na kukupandisha juu kwa kasi usiyoweza kuizuia. Inahitaji mafunzo yake pamoja na mkufunzi, na haifai kuanza nayo siku ileile unayojifunza mawimbi, mawe na dira.

Glavu zinastahili neno lao. Ukishazivaa, simama nchi kavu ufumbe macho na ujaribu kufungua kifungio cha mkanda wa vizito kwa mkono mmoja. Kidole gumba kilichofunikwa kwa neoprini ya milimita 5 hakihisi ukingo wa kifungio, na kikishapoa kwa dakika 20 hakina nguvu ya kukivuta. Rudia mpaka mkono uijue njia wenyewe, kisha mwenzako naye afungue chako. Katika ajali nyingi za uzamiaji zilizochunguzwa, marehemu alikutwa bado amevaa vizito vyake, ilhali kuviachia kungemrudisha juu.

Kofia nayo mgeni huichukia kwa sababu humbana shingo. Chagua inayokutosha, maana inayobana sana pembeni mwa koo inaweza kukusababishia kizunguzungu, lakini usiiache. Ukiivaa, ivute kidogo pembeni mwa kila sikio ili maji yaingie masikioni mote kwa wakati mmoja. Maji baridi yakiingia sikio moja tu, kiungo cha mizani kilicho ndani ya sikio hupokea habari mbili zinazopingana, na dunia huanza kuzunguka. Hali hiyo hupita kwa dakika moja hivi, na anayeijua hushika mwamba na kungoja ipite.

Kuhusu hewa, usijilinganishe na mwenzako. Mtu aliyetulia hutumia lita 15 hadi 20 kwa dakika akiwa juu ya maji, na mara mbili yake kwenye kina cha mita 10. Aliyepoa na kuchoka hufikia lita 30, yaani lita 60 akiwa kwenye kina hicho. Chukua zile lita 1,800 ugawanye: aliyetulia ana dakika 45, aliyepoa ana 30. Mtungi pia hupoteza shinikizo wenyewe kwa baridi. Uliosoma bari 200 ukiwa na joto la nyuzi 30 utasoma takriban 188 ukishapoa hadi nyuzi 12, kabla hujavuta pumzi hata moja, basi anza hesabu yako kwa namba unayoiona ukiwa tayari majini. Mpango wa kugeuka uufuate yule mwenye hewa kidogo, kwa theluthi: theluthi moja ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi isiyoguswa. Ukiwa na bari 190, mnageuka geji yako ikisoma karibu 130, hata kama mwenzako bado ana 160.

Umesikia pengine kwamba rigyuleta, yaani kifaa kinachoshusha shinikizo la mtungi hadi kiwango cha kupumulia, huweza kuganda kwa barafu. Ni kweli kwamba hewa inayotanuka ghafla hupoa sana, na kiwango cha Ulaya cha EN 250 huzitenga rigyuleta zisizopimwa kwa maji baridi kwa kuziandika ">10°C". Kwenye nyuzi 12 hatari hiyo ni ndogo. Tumia iliyofanyiwa matengenezo, usiijaribu kwa kupumua mara nyingi kwenye hewa ya baridi ya ufukweni, na ujaze jaketi kwa mibonyezo mifupi.

Nimefika kwenye mawimbi, ambayo ndiyo yangeweza kukuumiza siku ile kuliko kitu kingine. Wengi husoma kimo tu kwenye utabiri wa bahari, nao huridhika wakiona mita moja. Kimo kinachotangazwa ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi, kwa hiyo katika saa chache za kukaa pale linaweza kupita wimbi linalokaribia mara mbili ya kimo hicho. La muhimu zaidi ni kipindi, yaani sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi. Mawimbi ya upepo wa karibu, yenye kipindi cha sekunde 6, yana urefu wa mita 56 hivi kutoka kilele hadi kilele yakiwa kwenye kina kikubwa, na mwendo wake haufiki mbali chini. Yale yaliyozaliwa na dhoruba ya mbali na yenye kipindi cha sekunde 14 yana urefu wa takriban mita 300. Hayo huihisi sakafu ya bahari mapema sana, hupinda kuufuata mteremko wake, na huizunguka ncha ya ukuta na kuingia upande ambao watu wanauita salama. Kwenye maji ya kina huonekana kama hakuna kitu. Yakifika penye mita 2 husimama na kuvunjika.

Tena huja kwa makundi. Matano au saba makubwa hufuatana, kisha bahari hutulia kwa dakika nyingi, na mtu aliyefika wakati wa utulivu huapa kwamba ni shuwari. Nashuku ndivyo ilivyokuwa asubuhi yako, ama mawimbi ya mbali yalianza kufika ukiwa chini. Kwa hiyo kabla ya kuvaa chochote, keti mahali unapoona ufuo wote na ncha ya ukuta, utazame maji kwa dakika 20 bila kuzungumza mengine. Tazama yanapofika juu kabisa kwenye mchanga, wapi yanavunjika, wapi mwani uliong'oka unavutwa kuelekea nje. Jiulize kama ungeweza kutoka katikati ya kundi kubwa ulilolishuhudia, ukiwa umepoa na umebeba kilo 30. Kama jibu si ndiyo ya haraka, safari hiyo haipo leo.

Ukiwa majini, ukae mbali na mawe penye kina kifupi. Rundo la mawe hupunguza nguvu ya wimbi kwa kuyapitisha maji kwenye mianya yake, na maji hayo huvutwa ndani na kutapikwa nje kila wimbi linapopita, yakimchukua yeyote aliye karibu. Kaa penye mita 6 au zaidi na uutazame ukuta kwa umbali wa mita chache: kwa kweli ndipo uzuri ulipo, maana mianya ya chini ndiyo makao ya pweza na kaa, na viti vya pweza na anemoni hutanda juu ya mawe kwa wingi. Kutoka ni kwa njia ya mchanga peke yake. Usitoke kupitia mawe hata kama gari liko juu yake na ufuo uko mbali. Mguu ukiingia kwenye mwanya na wimbi likakusukuma, mfupa ndio unaovunjika.

Ukifika penye maji ya kifuani, jaketi liwe na hewa, miwani ibaki usoni na rigyuleta mdomoni mpaka umesimama nchi kavu. Ngojea kundi kubwa lipite, uogelee nyuma ya wimbi la mwisho, na usiipe bahari mgongo bila kuitazama. Ukiangushwa, usijaribu kusimama. Tambaa kwa mikono na magoti kama ulivyo, huku ukipumua kwa mtungi. Na ukikuta ufuo unavunja vibaya kuliko ulivyouacha, rudi nje penye kina, jazeni majaketi, mpumzike mkiwa mmeshikana, kisha mwogelee taratibu hadi mahali pa pili pa kutokea mlipopachagua asubuhi, au mpulize filimbi kuomba msaada. Ndiyo sababu ya ile theluthi isiyoguswa.

Mengine ya mahali hapo nitayapitia kwa kifupi. Mkondo hubanwa na kuongeza kasi kwenye ncha ya ukuta, hasa siku za bamvua, kwa hiyo chagueni siku za maji mafu, mwende karibu na saa maji yanapokaribia kujaa na kutulia, na msiikaribie ncha. Upande wa ndani una vyombo na rafadha zake: iulizeni mamlaka ya bandari ni wapi kuzamia kunaruhusiwa, mvute boya lenye bendera, na mpande mkifuata sakafu inayoinuka kuelekea ufukweni badala ya kuibukia katikati ya njia ya boti. Watu wakivua juu ya ukuta, mishipi ya nailoni iliyokatika itakuwa imenasa mawe, na haionekani vizuri kwenye maji yenye ukungu, basi kila mmoja abebe kisu kidogo mahali ambapo mkono wowote unafika. Mwani mrefu ukikunasa, simama na urudi nyuma kidogo, anayejizungusha hujifunga. Nao msimu wa kuchipua, ambapo maji baridi ya chini hupanda yakiwa na virutubisho tele, huleta mimea midogo mingi inayoweza kushusha uwezo wa kuona hadi mita mbili, kwa hiyo dira haiepukiki.

Je, mnaweza kurudi wawili tu? Vyeti vyenu pengine vinaruhusu, lakini karibu kila chombo cha mafunzo humshauri mzamiaji abaki katika mazingira yanayofanana na yale aliyofundishiwa, au yaliyo mepesi zaidi, na yako hayafanani. Ushauri wangu ni kwamba safari mbili au tatu za kwanza muwe na mkufunzi au mzamiaji mzoefu wa ufuo uleule, ambaye anajua maji yake yanavyobadilika. Siyo gharama ya kupoteza: jicho la mtu mwingine litakupimia vizito na mkao kwa dakika kumi, jambo ambalo peke yako lingekuchukua miezi. Asipopatikana kabisa, fanyeni safari fupi isiyozidi mita 8, ukuta ukiwa begani kwa upande mmoja wakati wa kwenda na begani kwa upande wa pili wakati wa kurudi, na mtu wa tatu akiwa ufukweni na simu, akijua saa mnayotarajiwa na nani wa kumpigia. Atakayeanza kutetemeka kwanza ndiye anayemaliza safari. Baada ya kutoka, vua suti, vaa nguo kavu na kofia, kunywa kitu cha vuguvugu, na usikimbilie kuoga maji ya moto wala kupandisha mitungi ngazi kwa haraka, kwa sababu naitrojeni ya hewa uliyoipumua chini bado iko mwilini, na joto la ghafla pamoja na kazi nzito huisaidia kutengeneza viputo vya hatari.

Kabla ya yote hayo, nakuomba uonane na daktari, ikiwezekana anayeufahamu uzamiaji, kama una shinikizo la damu, pumu, ugonjwa wa moyo, au unatumia dawa za moyo. Baridi na suti inayobana husukuma damu kutoka miguuni na mikononi kwenda kifuani, na kwa baadhi ya watu, hata wenye afya, maji ya damu huvujia ndani ya mapafu. Mtu huanza kukohoa chini ya maji, hukosa pumzi hata akipumzika, hukoroma kifuani, na pengine hutema povu lenye rangi ya waridi. Hilo si woga na halitulizwi kwa kupumua polepole: ukihisi kikohozi na kukosa pumzi visivyopungua baada ya zile dakika tatu za mwanzo, maliza safari, toka majini, vua kila kinachobana kifua, keti wima, pewa oksijeni na uitiwe huduma ya dharura. Fanya vivyo hivyo kwa ganzi, udhaifu wa mguu au mkono, kizunguzungu au maumivu ya viungo yanayotokea katika saa zinazofuata, ila kwa dalili hizo ulazwe chali badala ya kuketi, na uwaambie wahudumu waziwazi kwamba ulikuwa umezamia. Shirika la usalama wa wazamiaji la Divers Alert Network lina simu ya dharura ya saa 24 inayoweza kumshauri daktari asiyewahi kuona hali hizo. Usizamie tena kabla ya kuchunguzwa hata kama umepata nafuu ndani ya saa moja, kwa sababu kuvuja maji mapafuni hujirudia kwa baadhi ya waliowahi kupatwa nako, na wakati mwingine chanzo ni shinikizo la damu ambalo mwenyewe hakuwa na habari nalo.